UZI: Mbwa wa kituo ninayemlea kwa muda amemng'ata fundi. Niripoti au ninyamaze?

Kibatari (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Nina mbwa wa kituo ninayemlea kwa muda mpaka apate mtu wa kumchukua moja kwa moja. Hii ni wiki ya sita. Dume, miaka minne hivi, kilo 24, sikio moja limesimama na jingine limelala. Kituoni alikaa miezi minane. Kwenye fomu yake, sehemu ya tabia ina mstari mmoja tu: "anahitaji muda kuzoea wageni." Jina alilopewa huko ni Karibu.

Kwangu hana kosa. Halali mpaka nilale, anaweka kidevu juu ya mguu wangu kana kwamba kauwekea rehani. Anajua kukaa, anajua kusubiri, chakula cha mezani hakigusi. Sasa mtu agonge mlango. Manyoya ya mgongo yanasimama kutoka shingoni mpaka mkiani, na inatoka sauti ambayo sikujua inaenea ndani ya mwili ule.

Jana alikuja fundi kurekebisha bomba la sinki. Nikafanya nilivyoelekezwa: mbwa kwenye kamba, nikampa fundi vipande vya nyama ampe kwa mkono wake. Karibu akanusa, akala, akakaa. Fundi akapiga magoti chini ya sinki nusu saa nzima, na mbwa yuko hatua chache kutoka kwake, anapiga miayo, analamba pua, anapiga miayo tena. Nikasema huyu kachoka, usingizi umemshika. Nikamfungua kamba. Nilishapumua kabisa.

Fundi alipomaliza akasimama, akainama kuchukua mfuko wa vifaa, akatugeuzia mgongo. Mbwa hakubweka wala hakunguruma. Nilisikia kucha kwenye sakafu, halafu yowe. Alimshika kigimbi mara moja, akaachia, akarudi nyuma yangu, na hapo ndipo akaanza kubweka kama vile yeye ndiye aliyeng'atwa. Suruali ina matundu mawili, mguu una matundu mawili, damu kidogo. Fundi ni muungwana, alisema "yameisha hayo, dada" akaenda zake.

Sasa swali. Nilisaini kwamba nitaripoti tukio lolote. Nikiripoti, naogopa watamchoma sindano ya mwisho. Nisiporipoti, hakuna atakayejua, maana fundi hatasema. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Natanguliza shukrani.

Nusu Mkate

Nimekaa paleee, nasubiri wenye mbwa waje.

Ila hilo jina mkuu 😂 Kila ukimkaribisha mgeni mlangoni unakuwa umemwita mbwa.

Mlinzi wa Zamu

Mbona unalia na dhahabu iko mkononi? Mbwa asiyependa wageni ndiye mbwa. Wengine tunatafuta wa hivyo hatupati. Nipe mimi, nimweke getini, kila mtu alale usingizi.

Dokta Kwato

Kabla ya mengine yote: fundi yuko wapi na jeraha limeoshwa?

Mimi ni daktari wa mifugo, niandike hili kwa haraka. Jeraha la mbwa linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ziangalie kwenye saa, maana dakika mbili ukiwa na hofu huonekana kumi. Kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama tundu ni dogo, hata kama mbwa ana chanjo. Hospitali ndiyo itakayoamua kama anahitaji sindano, si wewe na si yeye. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo, na hadi asilimia 99 ya watu wanaokipata wanakipata kwa mbwa.

Mbwa naye anawekwa chini ya uangalizi siku 10. Kama virusi vilikuwa kwenye mate yake siku aliyong'ata, ndani ya siku hizo ataugua waziwazi au atakufa. Kwa hiyo hilo la kunyamaza liweke kando kwanza. Kuna mtu mwenye matundu mguuni anayehitaji kujua mbwa huyu yukoje baada ya siku 10.

Kibatari

Dokta asante, umenishtua. Nimempigia. Alikuwa amepaka mafuta tu. Nimemfuata, tumeosha upya, tumeenda hospitali pamoja, na cheti cha chanjo ya mbwa nimekionyesha. Wamemwanzishia sindano. Nimejisikia vibaya kwamba mimi nilikuwa nawaza hatima ya mbwa na mtu sijamuuliza hata kama kidonda kinauma.

Mnyororo Mfupi

Nitasema ukweli na watu watanichukia. Huyo mbwa anajiona yeye ndiye kiongozi wa nyumba. Analala miguuni pako, maana yake amekumiliki. Akinguruma mlaze chini, umkandamize mpaka alegee. Akirudia, kuna mikanda ya umeme. Wiki moja tu ananyooka. Hii biashara ya kubembelezana na nyama ndiyo imetuletea mbwa waliodeka.

Bi Shuka

Kibatari mwanangu, pole. Nimelea mbwa wa kituo 11, watatu wakiwa wa aina ya huyo wako. Acha nikuonyeshe mambo ambayo yalikuwa mbele ya macho yako jana, na si kwa kukulaumu, kwani mimi mwenyewe niliyajua baada ya kung'atwa.

Kwanza ile miayo. Mbwa aliyechoka hulala ubavu, macho yakalegea. Mbwa anayekaa wima, anapiga miayo mfululizo na kulamba pua wakati hakuna chakula, huyo ana wasiwasi. Nusu saa nzima alikuwa anakuambia "sipendi hapa nilipo." Angalia pia kugeuza uso huku jicho limebaki kwa mtu mpaka weupe unaonekana, na mwili kukakamaa ghafla. Mkia kutikisika si furaha kila mara. Mkia ulio juu, mgumu, unaotetemeka kwa haraka, huo ni wa kukaa nao mbali.

Pili, nyama ya mkononi. Najua kila mtu anaelekeza hivyo, nami naipinga kila nikipata nafasi. Mbwa mwoga mwenye njaa anavutwa na nyama mpaka sehemu ambayo kwa akili yake asingefika. Anakula. Nyama inaisha. Anainua macho na kukuta uso wa mtu asiyemjua uko hapo hapo. Sasa afanye nini? Mgeni asimpe kitu mkononi. Kama lazima arushe, arushe kipande kipite juu ya mbwa kiangukie nyuma yake, ili mbwa akifuata awe anaondoka kwa mgeni. Akitaka kurudi atarudi mwenyewe, na hapo utajua ni hamu ya mtu, si ya nyama.

Tatu, na hili ndilo lililomponza fundi wako: kusimama. Mbwa hawa wanamzoea mtu katika hali moja. Alimzoea mtu aliyepiga magoti chini ya sinki. Yule aliyesimama akawa mrefu, akashika mfuko, akaanza kutembea, kwake ni mtu mwingine kabisa aliyetokea ghafla ndani ya nyumba. Na mbwa mwoga husubiri mgongo, kwa sababu uso unamtisha.

Nyumba yangu ina kanuni moja: mgeni hasimami bila kutangaza. Anasema "nasimama", mimi namwita mbwa, kamba mkononi, ndipo anasimama. Mwanzoni hata hilo sifanyi. Mgeni akija mbwa yuko chumba cha ndani na kitu cha kutafuna, mlango umefungwa, basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mbwa lazima awasalimie wageni. Tunawalazimisha kwa sababu sisi tunaona aibu.

Na wewe Mnyororo, mbwa akinguruma namshukuru. Kumchinja jogoo hakuzuii kuche. Ukimpiga mbwa kwa kunguruma ataacha kunguruma, lakini woga uko palepale, na siku nyingine atakwenda moja kwa moja kwenye mguu bila sauti. Kibatari anasema jana hakukuwa na sauti. Mimi najiuliza kama huko nyuma kuna mtu aliyeshamfundisha kunyamaza.

Mnyororo Mfupi

Bi Shuka heshima yako, lakini mbwa wangu watatu nimewalea hivyo na hawajawahi kumgusa mtu.

Bi Shuka

Ulianza nao wakiwa na umri gani?

Mnyororo Mfupi

Watoto. Miezi miwili.

Bi Shuka

Basi wewe ulikula tunda mti ukiwa umeshapandwa. Kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 12 au 14 mtoto wa mbwa anajifunza dunia ina nini: watu warefu, watoto, miavuli, pikipiki. Wako walikuona wewe na watu wako wote kipindi hicho. Huyu wa Kibatari huenda wiki hizo hakuona binadamu zaidi ya mmoja. Dirisha hilo likishafungwa kazi inawezekana, lakini ni ya kijiko kijiko.

Dokta Kwato

Niongeze kidogo kuhusu "kiongozi". Wazo hilo lilitokana kwa sehemu kubwa na mbwamwitu waliofungiwa pamoja bila udugu, ambao Rudolf Schenkel aliwachunguza na kuandika mwaka 1947. David Mech, mtafiti wa Marekani aliyesaidia kulisambaza, mwaka 1999 alichapisha makala akieleza kwamba kundi la mbwamwitu porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Hakuna ugomvi wa cheo kila siku. Na huyo ni mbwamwitu, hatujafika bado kwa mbwa wa nyumbani.

Mikanda ya umeme Wales waliipiga marufuku tangu 2010. Chama cha madaktari wa tabia za wanyama cha Marekani, AVSAB, mwaka 2021 kilitoa msimamo kwamba mbwa wote, pamoja na wakali, wafundishwe kwa kutuzwa. Nimeona mwenyewe mantiki yake mezani pangu: mbwa anamwona mgeni, anapigwa shoti ya shingo. Amejifunza nini? Kwamba wageni wanakuja na maumivu. Alichokuwa anakishuku kimethibitishwa.

Kibatari, huyo mbwa amepimwa mwili lini? Simaanishi chanjo. Namaanisha meno, masikio, nyonga, mgongo. Mbwa mwenye maumivu anakuwa na subira fupi, na kituoni penye kelele maumivu hayaonekani.

Fundi Nyuzi

Mimi naingia humu kwa upande wa pili. Ni fundi umeme, nimeng'atwa mara tatu kazini. Zote tatu ni wakati wa kuondoka. Zote tatu mwenye nyumba alisema "huyo hana neno." Siku hizi nikisikia "hana neno" narudi kwenye ngazi yangu.

Mnaofuga, tuambieni tu ukweli kabla hatujaingia. Hatukasiriki. Nitakuja saa nyingine, au utamfungia, kazi inaendelea. Kinachouma zaidi ya meno ni ile kuambiwa "lazima ulimfanyia kitu."

Mlinzi wa Zamu

Bado sijajibiwa kwa nini asiwe mlinzi.

Dokta Kwato

Mlinzi mzuri ana utulivu. Anatofautisha, anatoa sauti, anaita, anaitikia ukimwambia acha. Huyu anaogopa, na mwoga hachagui. Leo fundi, kesho mtoto aliyefuata mpira ndani ya geti, keshokutwa mkunga aliyekuja kumsaidia mkeo usiku. Ukimweka getini atawaona wageni mchana kutwa bila mtu wa kumtuliza, na kila mpita njia anapopita na kwenda zake yeye anaamini amemfukuza. Baada ya miezi mitatu utakuwa na mbwa mbaya zaidi ya uliyepewa.

kimya_kingi

Nafanya kazi kwenye kituo (si hicho cha Kibatari, wala sitakitaja). Nijibu swali lenyewe maana naona tumelizunguka.

Ripoti. Leo. Nitaeleza kwa nini, bila kukupaka mafuta kwamba mambo yatakuwa mazuri.

Ukinyamaza, mbwa huyo faili lake litabaki na ule mstari mmoja. Atachaguliwa kwa sababu ni mzuri na anajua kukaa. Pengine na familia yenye watoto wanaokuja na marafiki kila jioni. Atang'ata tena, safari hii mgeni mwenye kimo cha meza, usoni. Hapo hakuna atakayemtetea, na wewe utajua ulikuwa na nafasi ya kusema. Nimeliona hili zaidi ya mara moja. Nafikiri hata wewe umeshafanyiwa: kuna mtu aliyeandika "anahitaji muda" akijua zaidi ya hapo, au hakutaka kujua.

Ukiripoti, ndiyo, kuna uwezekano wamlaze, yaani hiyo sindano ya mwisho unayoiogopa. Inategemea kituo, nafasi waliyonayo, na ung'ataji wenyewe. Ndiyo maana unaripoti kwa undani, sio "kamng'ata mtu". Wengi wetu tunatumia kipimo cha Ian Dunbar, daktari wa wanyama aliyegawa ung'ataji katika ngazi sita. Ya kwanza meno hayajagusa ngozi. Ya pili yamegusa, hayajatoboa. Ya tatu ni tundu moja hadi manne kwa kuuma mara moja, na hakuna lililozidi nusu ya urefu wa chonge. Ya nne ni kina zaidi ya hapo, mara nyingi na michubuko kwa sababu ameshikilia au ametikisa kichwa. Ya tano ni kuuma mara nyingi kwa ukali huo, na ya sita ni kifo. Kwa maelezo yako naona ngazi ya tatu: mara moja, akaachia, akarudi nyuma. Si jambo dogo. Lakini mbwa aliyeachia mwenyewe amekuonyesha kwamba breki zipo, na mtu anayefanya uamuzi anahitaji kuyasikia hayo kutoka kwa aliyekuwa chumbani. Yaani wewe.

Mlezi wa muda watu wanadhani kazi yake ni kumponya mbwa. Kazi yako ya kwanza ni kutuambia ni mbwa gani. Sisi tunamwona nyuma ya nyaya, amezungukwa na mbwa 40 wanaobweka. Wewe pekee ndiye umemwona akiwa ndani ya nyumba.

Kibatari

Nimesoma hii mara mbili nikakaa kimya. Nitawapigia asubuhi.

Kibatari

Mrejesho, siku ya tatu.

Nimewapigia. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi: saa, nani alikuwa wapi, miayo, kamba nilifungua mimi, ukubwa wa matundu, mguu wenyewe nilikuwa nimeupiga picha kwa ruhusa ya fundi. Yule dada wa kituoni alinyamaza kwa muda kisha akasema, "Kuna mtu alishamrudisha kabla yako. Alisema kaumwa kidogo mkononi, tukaona labda walikuwa wanacheza." Kwenye fomu haikuandikwa. Niliwaka, siwafichi. Nikamwambia nilimwingiza fundi nyumbani kwangu bila kujua hilo.

Hawajamlaza. Wamenipa masharti: siku 10 za uangalizi hapa kwangu, hatoki bila kamba mbili, vipimo vya mwili vizima, akikutana na mtu yeyote awe na kikapu cha mdomo cha kumzuia asing'ate, na baada ya miezi mitatu tukae tuamue. Jambo lolote jingine la meno, wataamua wao. Nimekubali.

Na jina nimebadilisha. Sasa anaitwa Zege, kwa sababu halilali.

Nusu Mkate

Zege 😂😂 Hilo limekaa vizuri.

Jani Bichi

Samahani kuchelewa kwenye uzi. Mimi wa kwangu nilimlaza mwaka jana. Kung'ata mara nne, ya mwisho ngazi ya nne, madaktari wawili tofauti, dawa, mwalimu, kila kitu. Kichwa chake kilikuwa kwenye paja langu. Naandika kwa sababu kwenye nyuzi za aina hii watu huja na habari za ushindi tu, na aliyeshindwa anadhani yeye peke yake hakujitahidi. Kibatari endelea, nakuombea. Kama mwisho utakuwa mwingine, njoo uandike pia.

Bi Shuka

Jani Bichi, pole sana. Kati ya wale 11 wangu mmoja aliisha hivyo. Huwa simtaji.

Kibatari

Wiki ya tano tangu tukio.

Siku 10 ziliisha salama, nimempelekea fundi ujumbe, akajibu kwa kidole gumba.

Vipimo: gego la juu kushoto limepasuka mpaka kwenye neva. Daktari aliligusa kwa kifaa, Zege akiwa nusu usingizi, na mwili mzima ukaruka. Limeng'olewa. Miezi yote hiyo alikuwa anatafuna upande mmoja nami nikiona ni maringo. Nilitegemea kwamba baada ya hapo atakuwa mwingine. Hajawa. Amekuwa mchangamfu zaidi, anacheza, ila mgeni bado ni mgeni.

Tumeanzishiwa pia fluoxetini. Daktari ameniambia nisitarajie kitu kabla ya wiki 4 mpaka 6, na kwamba dawa haifundishi, inapunguza tu sauti ya woga ili masomo yasikike.

Masomo yenyewe: tunakaa uwanjani mbali na njia. Mtu anatokea, natoa nyama. Mtu anapotea, nyama inaisha. Basi. Umbali tulioanza nao ni kama mita 40, chini ya hapo alikuwa anakakamaa na hata nyama hataki. Sasa tupo kwenye 25. Kuna siku tunarudi 35, sijui kwa nini. Naomba kuuliza, je, nianze kutoa nyama mapema, kabla hajamwona mtu, ili awe tayari ana furaha?

Bi Shuka

Hapana! Mpangilio ndio dawa yenyewe. Mtu kwanza, nyama baadaye. Pavlov, yule mwanasayansi wa Urusi aliyewachunguza mbwa, alitanguliza ishara, chakula kikafuata, na mate yakaanza kutoka kwa ishara. Ukitanguliza nyama, nyama inakuwa ndiyo ishara: akiiona tu mkononi mwako anaanza kuangaza macho, "nani anakuja?" Nimemharibu mbwa mmoja hivyo, ikafika akawa anakataa nyama.

Siku ya kurudi 35 itazame jana yake. Gari lililopiga honi, mvua ya radi, ziara ya daktari, mgeni wa jirani. Haya yanajazana kama maji kwenye ndoo. Tone la mwisho utaliona, ya kabla hukuyaona. Siku kama hizo usimtoe kabisa. Atembee bustanini anuse, amalizie hapo.

Kikapu cha mdomo unaendeleaje?

Kibatari

Kikapu ndicho kilichonishangaza. Nilidhani itakuwa vita. Nilipaka kitu anachopenda ndani kwa mbele, nikakishika tu kama kikombe, akaingiza pua mwenyewe. Siku nne hivyo bila kugusa mikanda. Halafu kuhesabu mpaka tano. Halafu kufunga mkanda na kufungua papo hapo. Wiki ya pili alikuwa anakivaa anazunguka nyumba. Sasa nikikitoa kwenye msumari anakuja mbio, anajua tunatoka.

Nilinunua kwanza kile cha kitambaa kinachobana, daktari akanitaka nikirudishe. Mbwa anapoza mwili kwa kuhema mdomo wazi, kile kinamfunga, ni cha dakika chache za kushonwa tu. Cha kikapu anahema, anakunywa maji, na nyama inapita kwenye nafasi.

Kitu kimoja sikukitegemea: watu wanavuka barabara wenyewe wakikiona. Umbali wa bure.

Mnyororo Mfupi

Nafuatilia kimya kimya. Hilo la gego sikuliwaza.

Kibatari

Mwezi wa sita. Samahani kwa ukimya.

Tulikaa na kituo. Faili lake sasa lina kurasa mbili nilizoandika mimi, wakaniomba nipunguze ukali wa maneno nikakataa, wakakubali. Inaanza hivi: "Zege amemng'ata mtu ngazi ya tatu, na kuna taarifa ya mtu mwingine kabla." Halafu ndiyo yanakuja mazuri yake. Tangazo lenye maneno hayo lilikaa wiki saba bila simu hata moja.

Wiki ya nane akapiga mama mmoja, anaishi peke yake, watoto wameshaondoka, wageni kwake ni wa kuhesabu. Alishawahi kuwa na mbwa mwoga. Alizisoma kurasa zote mbili na akaja na maswali yake kwenye daftari. Swali la kwanza lilikuwa kama anang'ata na mlio au bila mlio. Nikajua huyu ni mwenzetu.

Amekuja mara tatu. Ya kwanza hatukuingia ndani, tulitembea njia moja, yeye upande ule, sisi upande huu, dakika 20, hakumtazama Zege hata mara moja. Ya pili hivyohivyo, tukakaribiana mpaka upana wa gari. Ya tatu aliingia, Zege akiwa na kikapu na kamba, nyuma ya kigeti cha mlangoni. Mama akakaa kwenye kiti pembeni anasoma gazeti, na kila baada ya muda anarusha kipande kinaanguka nyuma ya mbwa. Zege akapiga mwayo mmoja. Nikasema tuishie hapo. Nikamtoa Zege nje kwanza, ndipo mama akainuka.

Kabla ya kuondoka akaniuliza kama huyu mbwa atakuja kuwa wa kukaa na wajukuu sikukuu. Nikamwambia hapana, sikukuu atakuwa chumbani na kitu chake cha kutafuna. Akaandika kwenye daftari.

Jumamosi anakuja mara ya nne. Zege atakuwa upande ule ule wa kigeti, kikapu kimevaliwa, kamba mbili mkononi mwangu. Mama atakaa dakika 15, atasema "nasimama", nitamwita Zege kwenye mkeka wake, na atasimama. Tumefanya mazoezi ya hilo kwa simu. Kwa wiki mbili nimekuwa nikisema "nasimama" mwenyewe kila nikiinuka kwenye kiti, ananiangalia kama kichaa, lakini anakwenda kwenye mkeka.

Fundi Nyuzi

Na mfuko? Abebe mfuko.

Kibatari

Safari hii bila mfuko mkuu. Mfuko ni mara ya tano.